Ukienda kutazama kipindi cha Kiingereza shule ya msingi

Kila msimu wa mazoezi ya kufundisha tunaletewa wanachuo hapa Temeke, Dar es Salaam, na wengi wanakuja na fomu ya chuo ya kuweka vema: mwalimu ameandika mada ubaoni? Ametumia zana? Jazeni, ni alama zenu. Lakini fomu hiyo inamtazama mwalimu, na anayejifunza lugha pale ni mtoto.

Fika kabla ya kengele. Pitia kwa mwalimu mkuu, saini kitabu cha wageni, kisha mwamkie mwalimu wa somo, "shikamoo madam", na umwombe andalio la somo ujue leo wanafanya nini. Wanachuo hupenda kukaa nyuma. Nyuma utaona visogo tu. Omba kiti pembeni, upande wa mbele, uione midomo na mikono. Simu ibaki mkobani.

Uliza watoto walianza Kiingereza lini. Mtaala mpya ulioanza kutumika 2024 umekifanya somo tangu darasa la kwanza, ila walio madarasa ya juu wengi walikianza la tatu. Shule zetu nyingi za serikali masomo mengine ni kwa Kiswahili, na mtaani Kiswahili. Kipindi hicho cha dakika 30 au 40 huenda ndicho Kiingereza chote watakachokisikia siku hiyo.

Sasa usidanganywe na kiitikio. Mwalimu atauliza, "Is it clear?" na darasa zima litapaza, "Yes, madam!" Hapo mwanachuo anaandika "wameelewa". Chagua watoto wanne uwafuate mwanzo hadi mwisho, mmoja awe yule asiyenyoosha kidole kabisa. Wape namba, usiandike majina.

Niliwahi kumfuata mmoja wa darasa la tatu, dawati la katikati, siku ya "This is" na "That is". Sauti yake ilikuwa juu kuliko ya wote. Ukimtazama vizuri, mdomo ulifunguka baada ya wa jirani; alikuwa anadaka mwisho wa sentensi. Mwalimu akainua rula akamuuliza yeye peke yake. Akatupa jicho ubaoni, akasoma neno la kwanza aliloliona: "Pen." Jirani akamkanyaga chini ya dawati, akanong'ona. "Ruler!" akasema, kifua mbele. Akapigiwa makofi. Mimi niliandika ule mguu.

Kinyume chake, anayenyamaza huenda anaelewa sana. Mwalimu akisema "Open your books", angalia nani anafungua kabla ya wenzake na nani anasubiri aone.

Hesabu pia kimya kinachofuata swali. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, alionyesha miaka ya 1970 kwamba walimu wengi husubiri kama sekunde moja tu, na wakisubiri tatu au zaidi majibu ya watoto yanarefuka. Kwa mtoto anayetafuta maneno ya lugha ngeni, sekunde moja haitoshi hata kumeza mate.

Mwalimu akihamia Kiswahili, usikimbilie kumkosoa. Andika alihamia saa ngapi na kwa kazi gani: kufafanua, kukemea, kutania? Kufafanua kwa Kiswahili sioni ubaya. Ninachokipinga ni kutafsiri kila sentensi, maana watoto wajanja wanaacha kusikiliza Kiingereza, wanangoja tafsiri.

Daftari lako ligawe ukurasa kwa mstari. Kushoto ulichoona na kusikia, makosa yaandikwe vilevile yalivyotamkwa; kulia maoni yako. "Watoto wamechoka" ni ya kulia. "Saa tano na robo, watatu wamelaza vichwa, jua limefika madawati ya dirishani" ni ya kushoto.

Kengele ikilia, usimvamie mwalimu na ushauri; ana rundo la madaftari ya kusahihisha. Msaidie kuyabeba hadi ofisini. Mkifika omba uone ya wale wanne wako, ulinganishe walichoandika na ulichowasikia wakisema, kisha muulize yeye anawaonaje. Akitaka kusoma ulichoandika, mwonyeshe upande wa kushoto.