Somo: Mkuki wa mikunga, kuanzia chuma cha kale hadi tope la baridi

Karibu kila anayeniandikia huanza na "nitaupata wapi mkuki?" Nami humrudisha nyuma: tope lako likoje? Mhunzi wa zamani hakufua mkuki wa mahali popote. Aliufua kwa ajili ya hori fulani, yaani mkono mwembamba wa bahari unaoingia nchi kavu. Ukinunua kwa uzuri wa chuma, utautundika ukutani. (Na tuelewane mapema: nasema mkunga wa majini, samaki mrefu kama nyoka, si wa wodini.)

Hatua ya 1: Jua tope, ndipo ujue meno

Huku pwani ya kaskazini-mashariki ya Marekani, kuanzia Long Island hadi Cape Cod, mkunga akihisi baridi hujifukia kwenye tope laini la hori, akatulia humo mpaka maji yapate joto. Kwa kazi hiyo walifua mkuki wa baridi: bapa pana, butu, katikati, na kila upande meno matatu au manne yaliyopinda kama kulabu. Bapa hupasua tope. Kulabu hazifanyi kazi mkuki unaposhuka, humnasa mkunga unapoinua. Hapo ndipo wageni wengi hupotea, wanachoma kama wanawinda nguruwe.

Mkuki wa kiangazi ni mfupi, mnene, wa meno machache, kwa sababu chini pana changarawe. Wa Uingereza ni kitu kingine kabisa: meno mapana kama majani, kingo zake zimechongwa kama msumeno, mkunga hubanwa kati ya majani mawili bila kutobolewa.

Hatua ya 2: Kutafuta

Nenda minada ya mali za marehemu na maduka ya vitu vya kale ya miji ya pwani, na uulize wenye mabanda ya mashua. Usiulizie mkuki tu. Muuzaji asiyejua huuweka pamoja na reki na uma za nyasi, kwa bei ya uma wa nyasi.

Hatua ya 3: Kukagua

Huu wa kwangu wa kwanza ulinitia aibu. Ulikuwa na kutu nzuri na mpini mweusi wa moshi, nikalipa bila kubishana. Nyumbani nikapitisha kidole kwenye shina la meno, nikakuta matone ya kulehemu kwa umeme yamejipanga kama shanga. Mkuki uliofuliwa huunganishwa motoni kwa nyundo, kiungo kimeyeyukiana, au meno yamefungwa kwa pete na ribiti. Angalia pia haya: meno hayalingani sawasawa, ndoana zimekatwa kwa patasi, na tundu la mpini ni bati lililokunjwa, mshono unaonekana, lina tobo la msumari. Chuma cha kale kikiliwa na kutu huonyesha nyuzi kama za mbao. Bomba lililokatwa kiwandani halina nyuzi hizo.

Hatua ya 4: Kusafisha na mpini

Brashi ya waya na mafuta ya kitani, basi. Grinda iache kabatini, inafuta alama za nyundo na muhuri wa mhunzi kama upo. Mpini uwe mti mnyoofu wa ash (mti mgumu wa nchi za baridi), mita 4 hadi 6, mwembamba wa kutosha kupitisha mtetemo hadi kiganjani.

Hatua ya 5: Kuvua

Juu ya barafu, toboa tundu moja, shusha mkuki kwa mshazari, ukichoma taratibu kwa kuzunguka. Tundu moja linakupa duara zima. Ukigusa gogo, mkono unapata "tak". Ukigusa mkunga, mpini unajinyonganyonga. Usivute kwa kishindo, inua polepole kwa mwendo mmoja.

Kuvua kwa mashua ndiko alikokuchora mchoraji Mmarekani William Sidney Mount mwaka 1845 huko Setauket, Long Island: mwanamke Mweusi amesimama mbele na mkuki mikononi, mtoto yuko nyuma na kasia. Mount mwenyewe alifundishwa utotoni kuvua kwa mkuki na mzee Mweusi aliyeitwa Hector.

Maswali ya wanachama

Shikamoo mwalimu. Sheria inaruhusu?
Marahaba. Soma kanuni za jimbo lako kabla ya kutia mkuki majini, hasa kuhusu mkuki wenyewe. Kwenye pwani hii ya Atlantiki mvuvi wa burudani hupewa mikunga 25 kwa siku, na asiyefika inchi 9 anarudishwa. Ndiyo maana mimi siupendi mkuki mahali penye wadogo wengi: ukishamchoma, kumrudisha hakuna maana. Samaki huyu ameshapungua. Ulaya hali ni mbaya zaidi, wa kule ameorodheshwa kuwa hatarini kabisa kutoweka tangu 2008.

Barafu iwe nene kiasi gani, kaka?
Sentimita 10 za barafu safi, ngumu, ya maji matamu. Ya maji ya chumvi ni laini zaidi, na mahali kijito kinapoingia pana hatari. Mimi hutembea nikigonga mbele kwa fimbo.

Anateleza mno, namshikaje?
Gunia kavu. Na ukijichoma, osha kidonda haraka, damu yake mbichi ina sumu. Moto wa jikoni huimaliza.

Meno mawili ya wangu yamekatika. Nimpe fundi alehemu?
Kama ni wa kuvulia, sawa. Kama una muhuri, uache ulivyo, utafute mwingine wa kuchafulia tope.