SOMO: Kupiga picha sanamu za nje na kazi za sanaa ya ardhini (soma kabla hujauliza)

Wakuu, inboksi yangu imejaa swali lilelile: "Mbona kazi kwa macho ilikuwa kubwa, kwenye picha imekuwa rundo la mawe?" Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamtumia linki ya uzi huu, asinune.

Kwanza muelewe hili. Sanamu ya shaba itakusubiri hata mwakani. Kazi ya mchanga, majani au mawe ya ufukweni haikusubiri, na karibu kila mtu ataijua kwa picha tu. Mwaka 1967 msanii Richard Long, akiwa bado mwanafunzi London, alitembea kwenye nyasi akienda na kurudi mstari mmoja mpaka nyasi zikalala. Akapiga picha, akaondoka. Nyasi zilishainuka zamani, lakini ile kazi inatajwa hadi leo kwa sababu ya picha. Kwa hiyo ukishika kamera mbele ya kazi ya namna hiyo, jihesabu kama fundi wa mwisho wa kazi yenyewe.

1. Kamera: uliyonayo. Simu inatosha.

2. Futa lenzi.

3. Muulize msanii kazi inatazamwa kutoka upande gani.

4. Mwanga: kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Jua la ubavuni ndilo linalotoa mikunjo na mabonde. Huku kwetu jua la saa sita hukaa utosini. Mchanga unakuwa bapa na sanamu inabaki na vivuli vya macho tu.

5. Nyuma ya sanamu: kagua nguzo, nyaya na mabango. Ile sanamu ya Askari pale Posta, Dar, iliyosimama tangu 1927, imezingirwa na majengo. Zunguka mpaka upate upande ambao bunduki yake haipotelei kwenye madirisha. Tumia miguu kabla ya kuvuta kwa zumu.

6. NYAYO NA KIPIMO. Hapa ndipo kazi nyingi hufia, yangu moja ikiwemo. Mtu akifika hukimbilia karibu, anachuchumaa, anapiga vipande vidogovidogo, halafu ndipo anakumbuka picha ya mbali. Tayari kazi, tuseme duara la mawe mchangani, imezungukwa na alama za ndala zake. Usidhani utafagia: mchanga uliofagiwa unajitangaza kwenye picha kuliko hata nyayo. Geuza mpangilio. Anza mbali, pande zote, kabla watoto, mbwa na akina mama wa mwani hawajapita, ndipo usogee. Chagua njia moja ya kuingia na kutokea, upande ambao hutaupiga. ONYO: mkanyagaji mkuu huwa ni msanii mwenyewe, akija kurekebisha jiwe moja. Mzuie.

Kipimo sasa. Duara la mawe la mita 2 na la mita 20 yanafanana kabisa pasipo kitu cha kulinganisha. Piga picha moja mtu akiwemo, nyingine bila mtu. Asimame pembeni, asitabasamu, asitazame kamera. Chukua mfano wa Spiral Jetty, kazi ya msanii Robert Smithson, iliyojengwa 1970 ndani ya ziwa la chumvi kule Utah, Marekani: mawe na udongo, urefu kama mita 457. Ukisimama juu yake huoni umbo la konokono. Ukiitazama kutoka angani unaliona umbo lakini ukubwa unapotea. Maji yalipopanda ilizama kwa miaka karibu 30, ikabaki picha za Gianfranco Gorgoni na filamu ya Smithson mwenyewe. Ndiyo maana nasema piga ya juu NA ya chini.

7. Karibu: vifaa vilivyotumika, maungio, alama za vidole.

8. Andika tarehe, saa, mahali, vipimo na jina la msanii siku hiyohiyo.

MASWALI

Boyka_Tz: Mkuu kamera gani nzuri kwa bei poa?
— Hatua ya 1.

Mzuka255: Uzi mrefu sana, fupisha.
— Hapana.

FundiKinyago: Shikamoo mwalimu. Nachonga mpingo, napigia nje, lakini unatoka kijivu na anga jeupe pee.
— Marahaba. Swali zuri. Kamera ikiona kitu cheusi inadhani ni giza, inaongeza mwanga kwa nguvu. Mpingo unapauka na anga linaungua. Kwenye simu gusa sanamu, halafu shusha mwanga kwa kidole mpaka weusi urudi. Pigia chini ya mwembe, si juani, na upande wenye kiza mwekee shuka jeupe lirudishe mwanga kidogo. Pia simama mbali kisha vuta kidogo. Ukiisogelea sana kichwa kinavimba. Polishi upake baada ya picha, maana inameta.

RubaniMdogo: Haya yote ya nini? Rusha droni, umemaliza.
— Umemaliza ramani. Na kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga unacho? Droni nimeitaja kwa maana nilipoandika "ya juu". Kama huna, panda ngazi au paa la jirani.

Bi_Mkunazini: Zile sanamu za watumwa pale kanisani Mkunazini, Zanzibar, nilizipiga kutoka juu, zimekuwa kama vichwa tu.
— Dada, msanii Clara Sörnäs aliziweka ndani ya shimo mwaka 1998 kwa makusudi. Chuchumaa ukingoni, kamera ishuke, ukuta wa shimo na minyororo viingie kwenye fremu. Ukiukata ukuta, watu watadhani zimesimama uwanjani. Na selfi pale hapana, tafadhali.

Mwani_Paje: Kaka, maji yakianza kurudi kabla sijamaliza?
— Usikimbie, hiyo ni zawadi. Msanii Ana Mendieta mwaka 1976, ufukweni Mexico, alichora umbo la mwili mchangani, akalijaza rangi nyekundu, akapiga picha mfululizo mawimbi yakilimega. Funga simu kwenye stendi mahali pamoja, usiisogeze, piga kila baada ya dakika chache. Ukiisogeza hata kidogo mfululizo umekufa.

Mwani_Paje: Asante. Ila siku za bamvua (maji yakijaa na kupwa sana) yanakupwa saa nne, saa tano hivi, jua kali tayari.
— Ndiyo tatizo la huku Unguja. Mimi naenda siku mbili tatu kabla ya bamvua: maji yanakupwa mapema zaidi, kama saa mbili au saa tatu, ufuko bado ni mpana na vivuli bado virefu. Wewe uko Paje, waulize wakulima wa mwani, hawahitaji jedwali.

Boyka_Tz: Kwa hiyo simu gani mkuu?
— 🙄