Mshipi mkononi, Rutamba hadi Msimbati: namna ya kuvua samaki ambao hujawahi kuwavua

Mimi ni fundi wa mafriji, Lindi mjini. Mwenzangu anauza mabati na misumari, na humu nitamwita Nahodha kwa sababu gari ni lake. Tuna kaunta buku moja, kila mtu na upande wake, na tunaandika aina ya samaki ambayo mtu ameivua kwa mshipi, kwa mkono wake mwenyewe. Uzito hatuandiki. Changu wa kilo nne ambaye aina yake imo tayari ni kitoweo tu. Kasamaki ka urefu wa kidole ambako hakamo, hapo gari linasimama, soda zinanunuliwa.

Wanaotuuliza tunawapataje wote hao bila boti la maana huwa wanategemea niwatajie pango la siri. Hakuna pango. Anayetaka kilo hukaa pale alipopata jana. Anayetaka aina mpya anahama: maji baridi leo, mdomo wa mto kesho, kisha mikoko, kisha mwamba, kisha mkondo wenye kina. Na bahati yetu watu wa kusini ni kwamba yote hayo yamepangana kwenye safari moja, kutoka ziwa Rutamba nyuma ya Lindi hadi ufukwe wa Msimbati mbele ya Mtwara, na kati ya Lindi na Mtwara ni kilomita mia moja na kidogo za lami.

Panga safari kwa mwezi

Msimu ni Oktoba na Novemba. Kusi imeshachoka, kaskazi haijaanza, mvua kubwa bado. Ukienda Julai utaona bahari nzuri kwenye picha, lakini chubwi, kile kizito cha kuzamisha mshipi, haitulii chini.

Ndani ya msimu huo, tazama mwezi kabla ya kutazama kalenda ya kazi. Bamvua kali, yaani maji kujaa na kupwa kupita kiasi, huja siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama au kuwa mpevu, na kwetu maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Kitu ambacho wageni wa bara hawakijui, na kila mtoto wa pwani anakijua: siku za bamvua maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa kama dakika 50. Wiki moja baadaye, kwenye maji mafu, mambo yamegeuka: yanajaa saa nne, yanapwa saa kumi, na hayapandi wala kushuka sana.

Kwa hiyo safari yetu huanza siku moja kabla ya mwezi mpevu. Siku ya kwanza ni ziwani, ambako bamvua haituhusu. Siku zinazofuata tunatumia bamvua penye mikoko na mwamba. Tukifika Msimbati, maji yameanza kupoa na mkondo hauburuti tena kila kitu. Nahodha angependa tuanzie Msimbati kwa sababu anapenda kolekole. Ndiyo maana ratiba naiandika mimi.

Vifaa, bila makuu

Hupati aina mpya kwa ndoana kubwa. Hapo sibishani na mtu. Samaki wengi wa mwambani wana midomo midogo, na wavuvi wetu hawawavui kwa mshipi kwa sababu hawana soko. Nunua ndoana ndogo kabisa dukani. Kumbuka namba ikipanda ndoana inapungua. Beba mishipi mitatu: mwembamba wa vidagaa na chuchungi, wa kati, na mnene wa kolekole. Chubwi za uzito tofauti, boya dogo, plaizi ya kutolea ndoana, waya mwembamba kwa wenye meno, rula, ndoo nyeupe. Glavu. Viatu vya kukanyagia mwamba, siyo ndala.

Chambo: ngisi aliyekatwa vipande vya ukubwa wa punje ya muhindi, uduvi, kamba mbichi, mwani, na unga wa ngano. Weka ngisi kwenye deli lenye barafu, ila maji ya barafu yasimguse, maana yanamfanya mweupe na laini na anatoka kwenye ndoana kwa kugusa tu. Hili nalijua kwa kazi yangu kuliko kwa uvuvi.

Karatasi: pitia ofisi ya uvuvi ya halmashauri uulize leseni ya kuvua kwa burudani. Msimbati iko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000, na huko unalipa kiingilio na unaelezwa maeneo ambayo mshipi hauruhusiwi. Waulize kabla hujafungua begi.

Rutamba

Watu wa pwani hucheka tukisema tunaanzia ziwani. Kavue perege, wanasema, hata sokoni wapo. Lakini perege wa Rutamba ana habari yake. Kati ya mwaka 2013 na 2016 watafiti walikuta kwenye Rutamba, na kwenye maziwa jirani ya Nambawala na Mitupa, aina ambayo ilikuwa ikijulikana kutoka upande wa bonde la Pangani, mkoani Tanga, na jina lake la kisayansi limetokana na Korogwe: Oreochromis korogwe. Yaani samaki wa Tanga yuko Lindi, na katikati hayupo. Walipopima vinasaba waliona wa kwetu wametofautiana na wa Pangani, na pia kwamba wameanza kuchanganyika na sato walioletwa kutoka kwingine. Kwa mtu mwenye daftari kama letu, hapo ndipo pa kuanzia, na mapema, kabla mchanganyiko haujawamaliza.

Mvue kwa ndoana ndogo, mshipi mwembamba, boya, na kidonge cha unga wa ngano uliokandwa mgumu. Ukitumia nyungunyungu utapata kambale, naye pia aandikwe. Usisimame ndani ya maji wala kuchuchumaa ukingoni kunawa mikono; mito na maziwa ya huku si mahali pa kumsahau mamba. Na ukivua sato, mle. Usimrudishe, wala usimhamishe kwenye bwawa lingine hata kama mwenye bwawa anakuomba.

Mdomo wa Lukuledi

Mnarudi kulala Lindi. Jioni shukeni pale vinapopita vyombo vya kwenda Kitunda, ng'ambo ya maji. Lukuledi inamwaga hapo, maji yana tope, na ngisi wenu atanuswa kabla ya kuonekana. Hongwe atakuja wa kwanza. Ana miiba mitatu, mmoja mgongoni na mmoja kila ubavu. Mshike kwa plaizi na glavu. Chaa wapo, mkizi wanarukaruka na kukudharau. Mkizi hataki ngisi. Mpe unga ulioloa, ndoana ndogo, bila chubwi.

Mikindani, kwa ufupi

Njia panda ya Mingoyo mnaiacha barabara ya Masasi na kushika ya Mtwara. Mikindani watalii hutazama boma la Wajerumani na kusimuliana habari za Livingstone, aliyepita hapo mwaka 1866. Ninyi tazameni mikoko. Ghuba imejifunga, maji yametulia, na vichanga vya samaki wengi wa baharini hukulia hapo. Tupa boya na kipande cha uduvi juu juu upate chuchungi, yule mwenye mdomo wa chini mrefu kama sindano. Saa mbili zinatosha.

Shangani, penye kazi

Hapa ndipo daftari linapojaa, kwa hiyo msiwe na haraka. Mtwara, ufukwe wa Shangani, siku ya bamvua: fikeni saa mbili asubuhi maji yakiwa yanashuka, tembeeni juu ya mwamba taratibu hadi ukingoni, na saa nne maji yakiwa yamepwa kabisa muwe mmeshachagua mashimo yenu. Kuvua kwenyewe ni kuanzia hapo, maji yakirudi, kwa saa moja na nusu. Halafu ondokeni. Maji hayarudi kwa mstari. Yanajaza kwanza mifereji iliyo nyuma yenu, na ukikaa kwa tamaa utatoka ukiogelea na simu mdomoni.

Kila shimo lina mwenyewe. Penye mchanga kati ya mawe yuko mkundaji, anapekua kwa ndevu zake. Mpe uduvi chini kabisa. Chini ya jiwe kubwa yuko chewa mdogo, na akishaingia ndani hatoki, kwa hiyo mvute palepale anapogusa. Kikande ana meno ya kukata mshipi na hasira ya kurudi tena; fungeni waya. Tasi na kangaja wanakula majani, ngisi hawamtaki, ndiyo maana wengi wanakaa mwambani miaka bila kuwavua kwa ndoana. Kunjeni uzi wa mwani kwenye ndoana ndogo kabisa na muwe na subira. Mkunga akishika, kata mshipi. Kweli, ukate. Anaandikwa hata kama hakupanda juu, ilimradi wote wawili mmemwona.

Sasa kutambua aina. Jina la mtaani halitoshi, maana changu ni wengi na kolekole ni wengi. Mlaze samaki ubavu kwenye ndoo nyeupe au karatasi, tandaza mapezi, weka rula pembeni, piga picha kutoka juu, kisha hesabu miiba migumu ya pezi la mgongoni na uandike. Rangi inakufa ndani ya dakika chache, miiba haibadiliki. Jioni linganisha na FishBase, tovuti ya aina za samaki, ambayo ina hata majina ya Kiswahili ya samaki wengi. Pono ndiye mtego mkubwa: wengi wao huanza wakiwa wa kahawia au wekundu, na baadaye hugeuka kijani na buluu wanapokuwa madume wakubwa. Pono wawili wasiofanana hata kidogo wanaweza kuwa aina moja. Hili limetugombanisha mimi na Nahodha kuliko pesa ya mafuta.

Miiba na sumu

Ukichomwa na hongwe, tasi au taa (yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani), tia sehemu hiyo kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kuungua, na ubaki humo hata saa nzima. Joto linapunguza nguvu ya sumu. Kwa hiyo chupa ya chai iliyojaa maji ya moto ni kifaa cha uvuvi. Baada ya hapo nenda zahanati, hasa kwa taa, maana mwiba wake huvunjikia ndani. Bunju, yule samaki anayejivimbisha, piga picha umrudishe. Sumu yake haiishi kwa kupikwa, na hakuna mpishi wa kuibembeleza. Kasa akinasa, mkate mshipi karibu na ndoana na umwachie, analindwa kisheria.

Msimbati

Jaza mafuta Mtwara mjini. Njia inapita Madimba, penye mitambo ya gesi, kisha inakuwa ya mchanga kwa kweli. Punguza upepo wa tairi hadi psi 18 hivi kabla ya mchanga laini, usisubiri hadi ukwame, na beba pampu.

Mkifika, kabla ya mshipi, salamu. Pale ufukweni kuna wazee wanaotengeneza nyavu, na maji ni ya kwao kabla ya kuwa ya kwenu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Mnatafuta samaki gani?"

"Yeyote ambaye hatujawahi kumvua, mzee."

"Hata dagaa?"

"Hata dagaa, kama ameshika ndoana."

Mzee akacheka hadi akaacha kushona, akaita watoto waje kututazama. Lakini ndiye aliyetuonyesha kijana mwenye ngalawa, na bei ikawa ya kibinadamu. Kodini ngalawa na mwenyewe. Msikodi chombo peke yake, mkondo wa huku una tabia zake. Maji yanakuwa na kina karibu na nchi kavu, kwa hiyo hamna haja ya kwenda mbali. Nahodha arambaze, yaani avute chambo nyuma ya ngalawa inayotembea, kwa mshipi mnene atafute kolekole, mzia na nguru wake. Wewe mwingine shusha ndoana ndogo hadi chini. Tukirudi ufukweni, yeye ndiye mwenye samaki wa kupigwa picha, mimi ndiye mwenye mistari mipya.

Mtu atawauliza kuhusu silikanti, yule samaki wa kale aliyedhaniwa ametoweka, maana mwaka 2003 mmoja alivuliwa Songo Mnara, Kilwa. Huyo muachane naye. Kwa kawaida anaishi kina cha mita 100 na zaidi, na ni kiumbe cha kulindwa. Hana nafasi kwenye kaunta buku la mtu.

Samaki mnaowala chagueni wachache, wengine warudisheni majini wakiwa hai. Wa ziada mpeni mwenye ngalawa kabla hajaomba. Mkitoka, jazeni tairi upepo mkiwa bado hamjafika lami, maana tairi laini kwenye lami ya moto ndiyo inayopasuka.