Mishipa inayokimbia: ninavyotoa damu bila kumtesa mgonjwa

Natoa damu maabara hapa Lamu. Juzi mwanafunzi wangu alimchoma bibi mmoja mara mbili bila kupata kitu. Bibi akasema kwa upole, "Mwanangu, mishipa yangu inakimbia." Haikuwa inakimbia. Ilikuwa mikavu na ya baridi.

1. Uliza kama amekunywa maji. Wengi wakiambiwa wasile huacha hata maji, ilhali maji matupu hayaharibu kipimo cha sukari. Ramadhani, kipimo kisicho cha sukari nakipanga asubuhi mapema, maji ya daku yakiwa bado mwilini.

2. Pasha mkono kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu, dakika 3 hadi 5, uning'inie chini. Zima feni.

3. Mpira wa kufunga mkono. Hapa ndipo nilipokosea zamani. Bibi wa Matondoni, mishipa haionekani, nikafunga mpira na kuuacha huku natafuta, namwambia akunje ngumi na kukunjua. Damu ikapatikana, lakini potasiamu, madini yaliyomo katika damu, ikatoka juu na daktari akataka irudiwe. Bibi akapanda mashua tena kwa ajili ya kosa langu. Mpira ukikaa sana, na ngumi ikichezeshwa, majibu huharibika. Kwa hiyo: funga vidole vinne juu ya kiwiko, juu ya mkono wa nguo kama ngozi ni nyembamba, na mapigo ya kifundo cha mkono yasipotee. Ukishaujua mshipa, fungua. Subiri dakika 2. Panga chupa, sindano, pamba. Paka spiriti, iache ikauke. Funga tena ndipo uchome. Dakika 1 isipite. Kupigapiga mkono makofi sikubali kabisa.

4. Tafuta kwa kidole, hata ukiuona kwa macho. Mshipa hubonyea ukarudi; kano ni ngumu kama kamba; ukihisi mapigo, hiyo ni ateri, mshipa wa damu itokayo moyoni, ondoka. Anza katikati ya mkunjo wa kiwiko. Upande wa ndani uwe wa mwisho, kuna ateri na neva jirani.

5. Mimi hutumia sindano nyembamba yenye mabawa, iitwayo kipepeo, geji (unene) 23. Vuta ngozi chini kwa dole gumba mshipa usiteleze, ingia kwa mlalo. Tumia chupa ndogo ya kufyonza damu, kwani kubwa hufyonza kwa nguvu na mshipa mwembamba hulala.

6. Ukikosa mara mbili, mwite mwenzako.

7. Fungua mpira kabla ya kutoa sindano. Bonyeza pamba mkono ukiwa umenyooka, maana ukikunjwa damu huvilia.