Jinsi ya kupanga huduma za afya na za ustawi wa jamii kwa pamoja katika kaunti ndogo

Mwongozo huu nimewaandikia maafisa wa maendeleo ya jamii, wakuu wa vituo vya afya na madiwani wa LC3, yaani baraza la kaunti ndogo, hapa Uganda, ambao kila mwaka huandaa mipango miwili kwa ajili ya watu wale wale. Mimi mwenyewe ni afisa wa maendeleo ya jamii katika kaunti ndogo iliyo karibu na mpaka wa mashariki, na kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko yote ni kuanza na fedha. Anzeni na majina ya watu.

Hatua ya kwanza: hesabuni tarehe

Mwaka wetu wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na baraza la wilaya hutakiwa kupitisha bajeti ifikapo tarehe 31 Mei. Hata hivyo msingoje Mei, kwa sababu vipaumbele hukusanywa na kupangwa wakati wa mikutano ya bajeti ya Oktoba na Novemba, na shughuli ambayo haikutajwa wakati huo huingia baadaye kwa taabu kubwa. Kikao chenu cha kwanza kifanyike Agosti.

Hatua ya pili: waiteni wenye madaftari

Wahitajika ni mkuu wa kituo cha afya cha ngazi ya tatu, afisa wa maendeleo ya jamii, wakuu wa parishi (sehemu za kiutawala zinazounda kaunti ndogo), mjumbe wa kamati ya usimamizi wa kituo, na angalau mhudumu mmoja wa VHT, yaani timu ya wahudumu wa kujitolea wa afya vijijini, kutoka kila parishi. Waalikeni pia wawakilishi wa wazee na wa watu wenye ulemavu walio katika baraza la LC3, kwani viti vyao vimo kisheria na wao ndio wanaojua ni mlango upi haujabishwa hodi kwa muda mrefu. Kila mmoja aje na daftari lake halisi, si ripoti iliyokwisha kupigwa chapa.

Hatua ya tatu: linganisheni madaftari

Hii ndiyo hatua inayochosha, na ndiyo yenye faida kuliko zote, kwa hiyo itengeeni siku nzima. Chagueni parishi moja kwanza. Wekeni mezani daftari la VHT, daftari la wagonjwa wanaofuatiliwa na kituo kwa maradhi ya muda mrefu, na orodha ya wazee na kaya zenye shida iliyoko ofisi ya maendeleo ya jamii. Mtu mmoja asome jina na kijiji, na wengine watafute.

Mtakutana na mama aliyeandikwa kituoni kwa jina la ubatizo, kwetu kwa jina la ukoo, na kwa VHT kama mama wa mtoto wake wa kwanza. Mara ya kwanza tulipofanya zoezi hili tulibishana kwa dakika nyingi juu ya wanawake watatu, mpaka mhudumu wa VHT akasema kwamba wote ni mtu mmoja, naye anaishi nyuma ya kisima. Kwa sababu hiyo, andikeni kijiji, jina la mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) na alama ya nyumba, msitegemee jina peke yake.

Angalizo moja lisipuuzwe. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inatubana sote, na hata isingekuwapo, heshima ya mgonjwa ingetubana. Orodha ya pamoja ionyeshe msaada unaohitajika tu, kwa mfano kutembelewa nyumbani au usafiri wa kwenda kliniki, bila kutaja ugonjwa. Hali ya mtu ya VVU ibaki kituoni, na kila mhusika aombwe ridhaa kabla jina lake halijaingizwa.

Hatua ya nne: fuateni safari ya mtu mmoja

Mkishapata orodha, chagueni mtu mmoja aliyeridhia, mmtembelee nyumbani. Bibi mmoja tuliyemtembelea alikuwa ameruhusiwa kutoka hospitalini baada ya kiharusi, na barua ya hospitali ilikuwa ingali imefungwa kwenye pindo la leso yake, wino umefifia kwenye mikunjo. Hakuna aliyemsomea kwamba alitakiwa kupimwa shinikizo la damu kila mwezi. Umri wake halisi ulimstahilisha kupata SAGE, ruzuku ya serikali kwa wazee, ambayo wakati huo ilikuwa shilingi 25,000 kwa mwezi kwa waliotimiza miaka 80, lakini kitambulisho chake cha taifa kilimpunguzia miaka. Mjukuu aliyemhudumia alikuwa ameacha shule. Kituo kilijua habari ya shinikizo, ofisi yetu ilijua habari ya kitambulisho, na shule ilijua habari ya mtoto, kila mmoja kivyake.

Andikeni safari hiyo kwenye karatasi kubwa, kisha kila mahali ilipokatika mwandike ni nani angepaswa kumpokea. Mahali hapo palipokatika ndipo shughuli za mpango wenu zitakapotoka.

Hatua ya tano: tengenezeni karatasi ya rufaa yenye kipande cha kurudi

Karatasi iwe moja kwa ofisi zote. Anayempeleka mtu hujaza sehemu ya juu, anayempokea hukata kipande cha chini na kukirudisha kupitia kwa VHT. Rufaa isiyorudisha kipande ihesabiwe kuwa haijafika.

Hatua ya sita: tafutieni kila shughuli mfuko wake

Sehemu kubwa ya fedha zinazotoka serikali kuu huja na masharti, na fedha za afya ya msingi haziwezi kuhamishiwa ustawi wa jamii hata kama nyote mmekubaliana. Basi igaweni shughuli yenyewe. Ziara ya chanjo kijijini ilipiwe na kituo kama kawaida, na afisa wa maendeleo ya jamii apande gari lilelile akashughulikie vitambulisho na watoto walioacha shule. Vivyo hivyo siku ya malipo ya wazee inafaa sana kwa kupima shinikizo la damu, maana wazee wameshakusanyika na kinachohitajika ni muuguzi mmoja, kipimo chake na kivuli.

Hatua ya saba: kutaneni kila robo mwaka

Hesabuni vipande vilivyorudi, na matokeo myasome hadharani katika baraza kwa idadi tu. Majina yasomwe ndani ya kikao chenu: anzeni na yale ambayo vipande vyake havijarudi, na msifunge kikao kabla kila jina halijapata mtu wa kwenda nyumbani kwake wiki hiyohiyo.