Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kusomea Uhandisi Ukiwa na Nia ya Kupata Leseni Marekani

Nchini Marekani serikali kuu haitoi leseni ya uhandisi. Wyoming ndilo jimbo lililotangulia kutunga sheria ya leseni hiyo, mwaka 1907, na mengine yakafuata, kila moja likiwa na sheria yake na bodi yake. Kwa hiyo, kabla ya kulinganisha ada na majina ya vyuo, mwombaji aamue kwanza ni majimbo gani anayotarajia kufanyia kazi, kisha asome masharti ya bodi za huko.

Jambo linalowaponza wengi ni ithibati. Shirika la ABET huithibitisha programu moja moja, si chuo kizima, hivyo chuo kinaweza kuwa na programu ya uhandisi wa ujenzi yenye ithibati na nyingine, katika jengo hilohilo, isiyo nayo. Zaidi ya hapo, ABET ina tume moja inayoshughulikia uhandisi na nyingine inayoshughulikia teknolojia ya uhandisi, na tofauti ya maneno hayo mawili kwenye cheti inaweza kumgharimu mhitimu miaka. Texas humtaka mwenye shahada iliyothibitishwa na tume ya uhandisi awe na uzoefu wa miaka 4, lakini mwenye shahada ya teknolojia ya uhandisi humtaka awe na miaka 8. California huhesabu jumla ya miaka 6 ya masomo na kazi, na shahada ya uhandisi yenye ithibati huhesabiwa kuwa miaka 4 kati ya hiyo. Yapo pia majimbo yasiyoipokea kabisa shahada ya teknolojia kwa ajili ya leseni. Maneno ya ofisi ya udahili hayatoshi. Tafuta jina kamili la programu katika orodha ya ABET, uangalie na tume iliyoithibitisha.

Wapo wanaodhani kwamba shahada ya uzamili itaziba pengo la shahada ya kwanza isiyo na ithibati. Mara nyingi haizibi, kwa sababu ithibati ya ABET hulenga zaidi shahada ya kwanza, na bodi nyingi huihesabu shahada ya uzamili kama mwaka mmoja tu wa uzoefu.

Aliyesoma nje ya Marekani, tuseme Dar es Salaam au Nairobi, atarajie shahada yake kupimwa, na bodi nyingi huitegemea kwa kazi hiyo NCEES, baraza linaloziunganisha bodi za majimbo na kutunga mitihani yao. Kipimo chake hudai, pamoja na mengine, krediti 32 za hisabati ya juu na sayansi za msingi, na krediti 48 za masomo ya uhandisi. Pengo la hisabati au sayansi linaweza kuzibwa kwa kozi chache katika chuo cha karibu. Lililo gumu zaidi ni karatasi: matokeo rasmi hutakiwa yatoke chuoni moja kwa moja, na kuyafuatilia kutoka ng'ambo kunachosha, kwa hiyo utaratibu huo na maelezo ya kila kozi vishughulikiwe kabla ya safari.

Mtihani wa FE, yaani wa misingi ya uhandisi, wenye maswali 110, ni vyema ufanywe karibu na kuhitimu, hesabu zikiwa bado kichwani. Mtihani wa PE, yaani wa kanuni na utendaji wa uhandisi, hufuata, ingawa baadhi ya majimbo huruhusu ufanywe kabla miaka ya uzoefu haijatimia. Kufaulu hukubalika kwingi, lakini kunaweza kuwa na nyongeza: California humtaka mhandisi wa ujenzi afanye pia mitihani ya matetemeko ya ardhi na upimaji wa ardhi, na Alaska hudai kozi ya uhandisi wa maeneo ya baridi kali.

Mwisho, ulizia kabla ya kukubali ajira ya kwanza ni nani atakayekusimamia. Majimbo mengi huwaruhusu wahandisi walioajiriwa viwandani kufanya kazi bila leseni, na katika kampuni ya namna hiyo unaweza kutumikia miaka 4 pasipo mhandisi hata mmoja mwenye leseni wa kuthibitisha uzoefu wako mbele ya bodi.