Jinsi ya kuwasilisha malalamiko shuleni mtoto anapoonewa na wenzake

Mwongozo huu ni kwa mzazi au mlezi ambaye tayari anajua kwamba mtoto wake anaonewa na sasa anataka shule ichukue hatua. Mimi nilipoteza karibu muhula mzima kwa kudhani kwamba kuzungumza na mwalimu wa darasa getini ni kuwasilisha malalamiko. Mwalimu alinisikiliza, akasikitika nami, akaahidi kulifuatilia. Niliporudi baada ya wiki tatu nikaelezwa ofisini, kwa adabu zote, kwamba hakuna malalamiko yoyote yaliyopokelewa kuhusu mtoto huyo. Nao hawakudanganya, kwa kuwa sikuwa nimeandika hata mstari mmoja.

Kabla ya kushika kalamu, msikilize mtoto bila kumhoji kama mshtakiwa, na usimwahidi siri ambayo hutaweza kuitunza. Ikiwa ameumizwa mwili, mpeleke kwanza hospitali na uombe taarifa ya daktari kwa maandishi. Ikiwa anazungumzia kujidhuru au kutamani kufa, usisubiri majibu ya shule: tafuta mhudumu wa afya siku hiyo hiyo, na usimwache peke yake.

Hatua iliyonigharimu zaidi ni ya kuandika barua yenyewe. Barua yangu ya kwanza ilisema kwamba mwanangu "anasumbuliwa na wenzake", na jibu lake likawa la jumla kama barua ilivyokuwa: wanafunzi wote wangekumbushwa kupendana. Barua ya pili niliijenga juu ya daftari ambalo nilikuwa nimeandika kila tukio kwa tarehe, saa, mahali, maneno yaliyotamkwa na majina ya walioshuhudia. Kwa mfano, niliandika kwamba Jumanne, wakati wa mapumziko, wavulana watatu wa darasa la juu walisimama mlangoni mwa choo na kumzuia asiingie mpaka kengele ikalia, na kwamba tangu wiki hiyo mtoto hanywi maji shuleni, na akifika nyumbani hukimbilia chooni kabla hata ya kuvua begi. Mstari huo wa choo ndio uliomfanya mkuu wa shule ainue macho kutoka kwenye karatasi.

Huenda ukaambiwa kwamba huo ni utani wa watoto. Ili kuondoa ubishi huo mapema, ipange barua kwa vigezo vitatu vya kutambua uonevu vilivyoenezwa na mtafiti Dan Olweus, aliyefanya kazi yake kubwa nchini Norway: kwamba kitendo kimekusudiwa kuumiza, kwamba kinarudiwa, na kwamba anayetendewa hana nguvu sawa na wanaomtendea, iwe kwa umri, kwa mwili au kwa idadi. Ukiambiwa pia kwamba jambo hilo halijawahi kusikika shuleni hapo, unaweza kukumbusha kwa upole kwamba ripoti ya UNESCO ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba karibu mwanafunzi mmoja kati ya watatu duniani alikuwa ameonewa na wenzake katika mwezi uliotangulia.

Kama uonevu unapita pia kwenye simu, piga picha za skrini zinazoonyesha jina la akaunti, tarehe na saa kabla ya kumzuia mtumaji. Mimi nilifuta ujumbe wote kwa hasira usiku ule ule, kisha nikatumia siku kadhaa kueleza watu ujumbe ambao hawangeweza kuuona. Hata hivyo, ikiwa kuna picha za utupu za mtoto, usizisambaze hata kama ushahidi, kwa sababu katika nchi nyingi kuzituma ni kosa la jinai; waachie polisi waelekeze namna ya kuzishughulikia.

Peleka nakala mbili za barua na udai moja irudi kwako ikiwa na tarehe, sahihi ya aliyepokea na muhuri. Nilikaa kwenye benchi nje ya ofisi kwa saa mbili kwa sababu muhuri ulifungiwa kwenye droo, na mwenye ufunguo alikuwa "anakuja sasa hivi". Zilikuwa saa mbili zenye faida kuliko mazungumzo yangu yote ya getini.

Ndani ya barua omba mambo yanayoweza kukaguliwa: nani atasimamia mahali ambapo matukio hutokea, nani mtoto atamwendea akiogopa, na lini utapewa majibu ya maandishi. Usikubali haraka kikao cha kupeana mikono. Upatanisho unafaa watu waliogombana wakiwa sawa, lakini mtoto anayeonewa akiketishwa mbele ya wanaomwonea atasema ameridhika ili tu atoke chumbani, kama alivyofanya wa kwangu. Ibara ya 12 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 inampa mtoto haki ya kusikilizwa katika mambo yanayomhusu, kwa hiyo omba aulizwe peke yake, na mtu anayemwamini, kabla ya kikao chochote.

Tarehe uliyoomba ikipita bila jibu, panda ngazi kwa bodi ya shule, kisha ofisi ya elimu, ukiambatisha nakala yenye muhuri kila mara. Kipigo kikali, vitisho vya kuua na udhalilishaji wa kingono havisubiri ngazi hizo. Viripoti moja kwa moja polisi na kwa ustawi wa jamii. Nchi nyingi pia zina namba ya simu ya kuwasaidia watoto, ambayo mtoto anaweza kuipiga mwenyewe.

Mtoto anapopanda darasa au kuhama shule, omba kwa maandishi kwamba mwalimu mpya apewe nakala ya jalada la malalamiko yako. La kwetu lilibaki kabatini kwa mwalimu wa zamani, nami nikaanza upya na daftari langu mkononi.